Jumba la Vinanda Vijipigavyo Vyenyewe

Mwezi huu twawaletea habari za jumba moja tulilolizuru katika mji wa Utrecht, nchi ya Uholanzi, nalo ni jumba ambamo vinanda hulia bila mpigaji. Twajua ya kuwa baadhi yenu mtacheka mkisoma maneno haya, na wengine mtasema, "Mwalimu amekwenda Ulaya, amerudi na hadithi za majini." Lakini tuvumilieni hata mwisho, maana hatukuleta habari hizi kwa ajili ya kuwastaajabisha watu tu. Tuliingia mle ndani tukiwa na jambo linalotusumbua moyoni, na jambo lile ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwalimu mzee aliyetufundisha kuimba tulipokuwa watoto amekwisha kufariki. Mtu yule alikuwa na nyimbo zake mwenyewe, ambazo mahadhi yake aliyatunga usiku, watu walipokuwa wamelala, akayashika kichwani tu. Kuandika alama za sauti hakufundishwa. Sisi tulifundishwa. Mara nyingi tulimwambia, "Mwalimu, ipo siku tutakaa nawe tuziandike nyimbo zako," naye hujibu, "Mimi nipo." Basi siku ile haikufika. Tulipomzika, waimbaji walitaka kuimba wimbo wake mmoja aliokuwa akiupenda sana. Wakaanza vizuri, walipofika katikati, huyu akashika njia hii, na yule njia ile, wimbo ukakatika, watu wakanyamaza kando ya kaburi. Hatukuweza kuinua macho kumtazama mjane wake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa amepakatwa na sisi wenyewe.

Tukiwa na mzigo huo, tulialikwa Uholanzi katika mkutano wa walimu. Siku ya mapumziko mwenyeji wetu akatuambia, "Kwa kuwa ninyi ni watu wa nyimbo, njoni niwaonyeshe kitu." Tukaenda naye.

Mtu afikapo Utrecht, kitu cha kwanza aonacho ni mnara wa mawe mrefu sana, waitwao mnara wa Dom. Kimo chake ni meta 112, na ulimalizika kujengwa mwaka 1382. Ndani yake zimo kengele nyingi, kubwa na ndogo, zilizopangwa kwa sauti zao, hata zaweza kuimba wimbo mzima. Tulipokuwa tukipita chini yake zikaanza kulia. Tukauliza, "Nani yuko juu anayezipiga?" Mwenyeji wetu akajibu, "Saa hii hakuna mtu." Akatueleza ya kuwa mle mnarani limo pipa kubwa la shaba, la karne ya 17, lililojaa misumari ubavuni, na saa ya mnara ndiyo ilizungushayo. Ndipo tulipoanza kuelewa tunakopelekwa.

Jumba lenyewe laitwa Museum Speelklok, yaani jumba la saa ziimbazo. Lilianzishwa mwaka 1956, na tangu mwaka 1984 limo ndani ya kanisa la kale liitwalo Buurkerk, ambalo halitumiki tena kwa ibada. Tuliposikia hivyo tulisikitika kidogo. Lakini kanisa lile lina habari zake zipasazo kukumbukwa. Mwaka 1457 mwanamke mmoja aitwaye Bertken aliingia katika chumba kidogo kilichojengwa ubavuni mwa kanisa, mlango ukazibwa nyuma yake kwa hiari yake mwenyewe, akakaa humo akisali miaka 57, hata alipokufa mwaka 1514. Alipokuwa humo aliandika sala na nyimbo, na baada ya kufa kwake zikapigwa chapa. Tena mwaka 1586, sehemu ya mbele ya kanisa, yaani mahali pa waimbaji, ilibomolewa ili njia ya mji ipite. Mahali pa waimbaji pamekuwa barabara, bali nyimbo za yule mwanamke zingaliko, kwa sababu ziliandikwa. Tulisimama mlangoni tukalifikiri neno hilo kabla hatujalipa kiingilio.

Ndani tulipokewa na binti mmoja, mwongozi wa wageni, mwenye adabu na maneno ya taratibu. Alituonya tusiguse kitu, kisha akatupeleka penye saa ya zamani ya mezani, iliyopambwa kwa dhahabu. Akavuta uzi mdogo. Mara tukasikia vikengele vikiimba ndani ya saa, vyepesi, kama matone ya mvua juu ya bati. Akatufungulia mlango wa nyuma, tukaona siri yake.

Siri yenyewe twaweza kuieleza hivi, na walimu waweza kuwaeleza watoto vile vile. Chukueni gogo la mti lililochongwa likawa la mviringo kama ngoma, mlilaze, mlipigilie misumari midogo, kila msumari mahali pake. Gogo likizungushwa polepole, msumari hukutana na kijiti kilicho juu yake, ukakiinua. Kijiti kikiinuka huvuta nyundo ipigayo kengele; au, katika kinanda cha filimbi, hufungua njia, na pumzi itokayo katika mifuo, kama ile mifuo ya mhunzi, huingia katika filimbi ikalia. Palipotakiwa sauti fupi huwekwa msumari. Palipotakiwa sauti ndefu huwekwa kipande cha waya kilichokunjwa kama daraja, ili kijiti kikae juu kwa muda. Upana wa gogo ndio hesabu ya sauti, na mzunguko wake ndio wakati. Hakuna jini ndani yake. Yumo mtu, lakini mtu huyo alikwisha kuondoka zamani.

Wala msidhani ya kuwa akili hii ilianza Ulaya. Huko Baghdad, katika karne ya 9, walikuwako ndugu watatu waitwao Banu Musa, watu wenye elimu nyingi, na hao waliandika kwa Kiarabu habari za chombo kijipigacho chenyewe kwa nguvu ya maji, chenye gogo la meno kama haya tuliyoyaona Utrecht. Kwa hiyo jambo hili lina umri wa zaidi ya miaka elfu.

Yule binti akatusimulia pia habari za kinanda kidogo sana, cha kubebwa mkononi, ambacho wanawake wa Ufaransa wa karne ya 18 walikuwa nacho nyumbani. Kazi yake ilikuwa kufundisha ndege. Walikuwa wakifuga ndege wadogo wa manjano katika matundu, nao wakizungusha mpini wa kinanda kile mbele ya tundu, wimbo ule ule, kutwa kucha, hata ndege akaushika akauimba. Wageni wengine walicheka. Sisi tulicheka kwanza, kisha tukaacha, kwa kuwa tulikumbuka madarasa yetu. Ni mara ngapi tumesimama mbele ya watoto tukizungusha mpini, tukafurahi wakiturudishia maneno yale yale, wala hatukuuliza wameelewa nini! Ndege yule alijua wimbo, bali hakujua ya kuwa ni wimbo. Mwalimu asomaye haya na ajipime mwenyewe, kama tulivyojipima sisi.

Baada ya hapo tukaelezwa habari za watungaji wakubwa. Joseph Haydn, mtungaji wa Austria, alimtumikia mkuu wa jamaa ya Esterházy. Katika jumba lile lile alikuwako padre mmoja, Primitivus Niemecz, mtunza vitabu, naye alikuwa fundi wa saa zenye filimbi. Haydn akatunga nyimbo fupi kwa ajili ya saa hizo, na Niemecz akapigilia misumari. Saa mbili za kazi yake, ya mwaka 1792 na ya mwaka 1793, zimehifadhiwa. Wataalamu wa muziki husikiliza saa hizo kwa makini sana, kwa kuwa karatasi ya mtungaji huonyesha sauti, lakini haionyeshi yote: wimbo ulikwenda mbio kadiri gani, sauti ipi ilipambwa, na kwa pambo la namna gani. Misumari ya Niemecz yaonyesha. Naye Mozart, katika mwaka 1790, alikubali kutunga wimbo wa kinanda cha namna hii huko Vienna kwa ajili ya fedha, akamlalamikia mkewe katika barua ya kuwa kazi ile yamchosha, na filimbi zenyewe ni ndogo na za kitoto. Hata hivyo wimbo alioumaliza ni mzuri, na wapigaji wa vinanda vikubwa vya kanisani waupiga hata leo. Twajifunza hapa ya kuwa mtu aweza kuichukia kazi na bado akaitenda kwa uaminifu.

Tukapita penye visanduku vya muziki. Hivi havina filimbi wala kengele. Mwaka 1796 fundi mmoja wa saa wa Geneva, Antoine Favre, alionyesha ya kuwa meno ya chuma chembamba, yakikwanyuliwa na misumari, hutoa sauti tamu. Ndani ya kisanduku mna chanuo cha chuma, meno marefu kwa sauti nene na mafupi kwa sauti nyembamba, na mbele yake pipa dogo la shaba lenye misumari myembamba kama sindano. Kinacholizungusha ni kamani, kama ile ya saa. Wimbo ukiisha, pipa husogea kando kidogo sana, misumari mingine ikakabili meno, ukaja wimbo wa pili. Baadaye, katika miaka ya 1880, mafundi wa Leipzig waliacha mapipa wakatumia sahani kubwa za chuma zinazobadilishwa. Watoto waliokuwa pamoja nasi walipenda zaidi sungura mmoja wa manyoya, anayechomoza kutoka ndani ya kabichi muziki ukilia, akatikisa masikio, akajificha tena. Twakiri ya kuwa na sisi tulimtazama mara mbili.

Sasa twafika kwenye habari iliyotugusa kwa sababu ya kazi yetu. Huko Uingereza, mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, makanisa mengi ya mashamba hayakuwa na mpigaji wa kinanda. Walikuwako wanakijiji, mafundi viatu na waseremala, waliokaa juu ya roshani nyuma ya kanisa wakipiga fidla na zumari zao. Pengine walipiga vizuri, pengine vibaya, pengine waligombana na padre. Basi makanisa mengine yakanunua kinanda cha gogo. Kila gogo lilikuwa na nyimbo kama 10 au 12, na mtu yeyote mwenye mkono aliweza kuuzungusha mpini. Kinanda hakikuchelewa, hakikudai kitu, hakikununa. Lakini hakikuweza kungoja mzee aliyekosa pumzi, wala kuongeza ubeti, wala kujifunza wimbo mpya mpaka fundi wa mbali aite fedha zake. Na wale mafundi viatu wakaweka fidla zao juu ya dari. Vinanda vya namna hii vimebaki vichache. Kanisa dogo la Shelland, katika Suffolk, lina kimoja kilichodumu hata siku zetu.

Tuliposikia hayo tukauliza moyoni, Je, mashini ni adui wa mwimbaji? Tukaendelea kutembea tukitafuta jibu.

Katikati ya kanisa, chini ya nguzo ndefu, vimesimama vinanda vikubwa vya barabarani, ambavyo Waholanzi huviita pierement. Vingine ni vipana kuliko gari la mizigo, vimepakwa rangi na dhahabu, na mbele yake zimesimama sanamu za watu wenye nyundo mikononi, wapigao kengele kwa zamu. Hivi havitumii gogo. Mwaka 1892 fundi Gavioli wa Paris alibuni njia nyingine: kitabu kirefu cha karatasi ngumu, kilichokunjwa kama ukuti, na kurasa zake zimetobolewa. Kitabu hupita katika kinanda, na kila tundu lipitapo sauti hulia. Akili hiyo ilitoka kwa wafumaji, maana tangu mwanzo wa karne ya 19 Mfaransa Jacquard alikuwa akiongoza nyuzi za kitanda cha mfumi kwa karatasi zilizotobolewa. Mkeka wa sauti na mkeka wa nyuzi vyafumwa kwa njia moja.

Vinanda hivi vilikuwa mkate wa maskini. Tangu mwaka 1875 huko Amsterdam alikuwako mtu kipofu, Leon Warnies, aliyekodisha vinanda kwa siku. Aliyekikodi alikisukuma njia kwa njia, mmoja akizungusha gurudumu zito, mwenziwe akitikisa kopo la shaba mbele ya madirisha. Watu walicheza ngoma barabarani, watumishi wakatoka jikoni. Mwaka 1920 fundi Mjerumani Carl Frei alifungua karakana yake Breda, akavipa vinanda vya Uholanzi ile sauti nene itetemayo ambayo watu wazitambua mpaka leo.

Lakini si wote walifurahi. Huko London mwenye elimu Charles Babbage, aliyebuni mtambo wa kuhesabu, aliwachukia wazungushaji wa vinanda kwa kuwa walimharibia kazi, akawashitaki mara nyingi. Na mwaka 1864 Bunge likatoa sheria ya kuwazuia. Ajabu ni hii: mtambo ule alioubuni, ambao hakuumaliza maisha yake yote, ulitakiwa kuongozwa kwa mapipa yenye vijiti na kwa karatasi zilizotobolewa, kama vinanda vya hao hao aliowafukuza mlangoni pake. Na mashini za leo za kuhesabu na kuandika ni wajukuu wa fikira ile. Tusidharau kitu kipigacho kelele nje ya dirisha letu.

Yule binti akatupeleka mbele ya kabati lenye fidla tatu, zimesimama wima ndani ya duara la nywele za farasi. Chini yake piano. Hiki kilitengenezwa na Hupfeld wa Leipzig, na watu wakakiona kwa mara ya kwanza mnamo mwaka 1907. Duara lile ndilo upinde. Lazunguka, na kila fidla ikisogezwa mbele yagusa nywele ikalia, huku vidole vidogo vikibonyeza uzi. Tulisikia fidla ikilia kwa huzuni, na hapakuwa na mtu aliyehuzunika.

Mwisho akatusimulia habari za piano ambazo kampuni ya Welte ya Freiburg ilizionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1904. Katika hizo, mtungaji mwenyewe aliitwa akae apige, na karatasi ikaandika kila alipogusa, nguvu ya kidole na kusita kwake pia. Mwaka 1906 alipiga hivyo Edvard Grieg, mtungaji wa Norwe, mtu mzee mgonjwa. Mwaka uliofuata, 1907, akafa. Karatasi yake ikiwekwa katika piano iliyotengenezwa vema, vibao hushuka vyenyewe kama Grieg alivyovishusha, na mahali alipokawia kidogo, vyakawia.

Wasomaji, hapo ndipo tulipoona shida ya kusimama. Hatukumwona Grieg. Tulimwona mwalimu wetu mzee, na mkono wake wa kuume ukiwa juu, akitungojesha kidogo kabla ya kiitikio, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Kusita kule hakukuandikwa popote.

Kabla ya kutoka tulionyeshwa mambo ya karakana, maana jumba lina mafundi wa kuvitengeneza vinanda vilivyoharibika. Mwongozi wetu akasema neno tulilolishika. Alisema ya kuwa fundi mwema, akikuta gogo la kale, hasahihishi hovyo. Hutazama kwanza kama msumari umepindika kwa miaka, au kama mwenye kuupigilia alitaka hivyo. Uliopindika huunyosha, uliotakiwa hivyo huuacha. Akitia mapenzi yake mwenyewe, basi mtu wa kale amekufa mara ya pili.

Vinanda hivi vilishindwa na nini? Vilishindwa na santuri na redio. Watu walipoweza kusikia sauti ya mwimbaji mwenyewe kwa bei ndogo, wakaacha kulipia kopo la shaba. Lakini na sisi wa pwani tumepata fungu letu katika badiliko lile: mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay akaimba mbele ya chombo, akatiwa katika sahani. Amefariki mwaka 1950, na sauti yake ingaliko. Yeye alikaa mbele ya chombo. Mwalimu wetu hakuketishwa na mtu.

Basi jibu la swali letu ni hili. Mashini si adui wala rafiki. Haina cha kwake. Hutoa kile alichokitia mtu, kizuri kikiwa kizuri na kosa likiwa kosa, na alichokiacha mtu nje hakiokoi. Makanisa yale ya Uingereza hayakukosa kwa kununua kinanda. Yalikosa yalipowaacha waimbaji wakae kimya, wala nyimbo zao nyingi hazikuulizwa.

Tuliporudi nyumbani hatukungoja juma la pili. Tulikwenda sisi na waimbaji wawili mpaka kwa mjane wa mwalimu. Tukapiga hodi, tukamwambia, "Shikamoo, bibi." Akatuitikia, akatukalisha, akauliza habari za Ulaya. Tukamweleza habari za vinanda, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha tukamwambia haja yetu, na ya kuwa tumechelewa, na ya kuwa twaomba radhi. Akakaa kimya muda mrefu, anachambua mchele. Akasema, "Wanangu, yeye alikuwa akizitungia hapa hapa, mimi nimelala. Mlidhani nilikuwa nimelala kweli?"

Akaanza kuimba kwa sauti ndogo ya kizee, bila kuacha mchele wake. Mjukuu wake mmoja akaweka simu yake juu ya kinu ikanasa sauti, nasi tukaandika do, re, mi katika daftari. Ule wimbo uliokatika kaburini aliupita mpaka mwisho, na kabla ya kiitikio akasita, kadiri ile ile. Katika nyimbo 12 tunazozikumbuka kwa majina, tumepata 5 kamili na 2 nusu. Nyingine 5 zimekwenda na mwenyewe. Hatuwaambii haya kwa kujisifu. Twawaambia hesabu ya uvivu wetu.

Kwa hiyo, ninyi wenye nyumba na ninyi walimu, twawasihi. Yupo mzee kwenu ajuaye wimbo, au hadithi, au dawa ya mifugo, au majina ya ukoo mpaka babu wa saba. Msimwambie, "Ipo siku." Nendeni jioni hii na daftari, au na simu ya mtoto. Mwacheni aseme kwa mwendo wake, wala msimsahihishe. Paandikeni hata pale anaposita. Kisha wafundisheni watoto, si kama ndege wa tunduni, bali waelezeni wimbo ni wa nani, ulitungwa kwa ajili gani, na aliyeutunga alikuwa mtu wa namna gani.

Jumapili iliyopita waimbaji waliuimba ule wimbo mzima. Mjane alikuwa ameketi safu ya tatu. Walipofika penye kiitikio wote walisita, hata watoto wadogo, kisha wakaendelea pamoja.